Makaa Kichwani pa Mama Mdogo

Mama yangu alikuwa na mkono mzito wa chumvi akikasirika. Nyumba nzima tulilijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Akiwa ametulia, mchuzi wake ungeweza kumwinua mgonjwa kitandani. Akiwa amekwazwa na mtu, hata kama mtu huyo yuko mbali na hana habari, sisi tulikunywa maji mpaka tunalala. Marehemu baba alikuwa akionja tonge la kwanza, ananitazama, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini, "Leo nani?" Mimi sikujaliwa subira ya baba. Nilikuwa nasema palepale kwamba chakula hakiliki, na mama ananijibu nikapike changu.

Katika miaka ninayoisimulia, katikati ya miaka ya tisini, baba alikuwa ameshafariki na swali lake lingekuwa na jibu moja tu: mdogo wake mama.

Huyo kwangu ni mama mdogo, na ndiye aliyenilea nilipokuwa mtoto, kwa sababu mama alikuwa akienda shamba la korosho Nanyamba na kukaa huko msimu mzima. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka, kupara samaki, na kujibizana na watu, hilo la mwisho mama hakuwahi kumsamehe. Baadaye akaolewa na mtu wa pwani, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, akasilimu. Bibi yetu, mama yao hao wawili, alipozeeka akahamia kwake huko mtoni, naye akasilimu. Mama alibaki Mkristo wa kanisani kila Jumapili na kila Alhamisi. Mtu asidhani dini ndiyo iliyowagombanisha. Ukoo wetu nusu wanafunga Ramadhani, nusu wanafunga Kwaresima, na wote tunakutana kwenye pilau bila kuulizana.

Kilichowagombanisha ni mvua. Bibi alizidiwa wakati wa masika, taarifa ikamfikia mama Magomeni, mtaa wetu katika mji huu wa kusini, akapanda lori lililokuwa linakwenda huko, na lori likazama kwenye tope kabla ya nusu ya njia. Alishinda njiani, akalala njiani. Bibi alifariki asubuhi, na kwa desturi ya Waislamu maiti haikai, alasiri walizika. Mama alifika siku ya pili, nguo zimeganda udongo mpaka kiunoni, akakuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakunywa chai. Alisimama pale kaburini, kisha akamwambia mdogo wake mbele ya watu kwamba hatakula tena nyumbani kwake maisha yake yote. Akageuka na kuondoka bila kunywa hata maji.

Nilikuwapo, kwa sababu nilipanda naye lori lile, na liliponasa nikamfuata kwa miguu. Mtu aliyenifundisha mimi kujibu alikosa la kujibu.

Miaka ikapita hivyo. Mume wa mama mdogo alipata kazi ya kupakia magunia bandarini, wakahamia mjini, na nyumba ya kupanga waliyoipata ilikuwa Magomeni hiyohiyo, mitaa michache kutoka kwetu. Ndugu hawa wawili walinunua samaki sokoni kwa mchuuzi mmoja, wamesimama bega kwa bega, kila mmoja anaongea na samaki. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kupata ukarani kwa wakala wa forodha, na nikitoka kazini nilipita kwa mama mdogo kwanza, nikala, ndipo nikarudi nyumbani kula tena. Mama alijua. Alichofanya ni kuniwekea chakula kingi zaidi ili nishindwe, na mimi kwa ubishi nikawa simwachii hata tonge. Ndiyo sababu nilikuwa mnene miaka ile.

Sasa, akina mama wa kanisani walikuwa na utaratibu wao wa Alhamisi. Mwenyekiti wao anaandika mistari ya Maandiko kwenye vikaratasi, anavitia kwenye kapu, kila mmoja anachota chake, na zamu yake ikifika anasimama na kuufafanua mstari wake mbele ya wenzake. Mama akachota. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuhangaika, kwa hiyo akaniletea nimsomee.

Ulikuwa ni ule wa kumlisha adui mwenye njaa na kumnywesha adui mwenye kiu, ambao unakwenda vizuri kwa upole mpaka ghafla unaishia kwenye makaa ya moto juu ya kichwa cha huyo adui uliyemlisha. Umo katika maneno ya hekima ya yule mfalme wa kale, na mtume mmoja aliyarudia baadaye katika barua yake. Nikamsomea mara ya kwanza, akaniambia nirudie. Nikamsomea tena.

"Hayo makaa," akauliza, "yanaunguza au hayaunguzi?"

"Makaa ya moto, mama. Yataachaje kuunguza?"

"Basi huyo mfalme alikuwa na akili," akasema, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sikuipenda.

Nikamwambia asiharakishe. Kile cha kwake kilikuwa kitabu cha tafsiri ya zamani, cha jalada jeusi, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa nyavu, na tafsiri ile inaweka makaa kichwani na kuondoka zake bila maelezo. Mimi nilikuwa na tafsiri mpya niliyopewa shuleni, ya Kiswahili chepesi. Nikaifungua palepale. Ndani yake watafsiri walikuwa wameongeza aibu: huyo adui ataona aibu kali, inayochoma kama makaa.

Mama akanitazama kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani. "Aibu wameitoa wapi? Mbona kwangu haipo?"

"Wamefafanua."

"Nani kawaambia? Walimuuliza mwenyewe?"

Swali lake lilinikaa moyoni, maana hata mimi ilikuwa inanikera kwamba mtu akupe ugali na huku anakuombea uungue. Kama nia ni mbaya, chakula cha nini? Na kama nia ni njema, moto wa nini? Tukamwendea jirani yetu, mshonaji aliyekimbia vita vya Msumbiji na kubaki, ambaye alikuwa na Maandiko ya Kireno. Alisoma taratibu huku kidole kikifuata mstari, kisha akatueleza kwa Kimakonde. Kwake hakukuwa na aibu yoyote. Kulikuwa na makaa, akasema, tena makaa mazima, mekundu, yaliyo hai. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mbili kwa moja.

Mwinjilisti wa mtaa wetu alikuwa na maelezo mengine kabisa. Yeye alisomea mambo hayo chuoni, na alituambia kwa utulivu, huku akimenya chungwa, kwamba wapo wataalamu wanaosema asili yake ni Misri ya zamani, ambako mtu aliyetubu alikuwa akibeba chombo cha makaa kichwani mbele ya watu, kuonyesha kwamba amegeuka. Kwa hiyo makaa si adhabu, ni dalili ya moyo uliobadilika. Wengine, akaongeza, wanasema ni moto wa hukumu tu, na wengine wanasema ni aibu. Hakujifanya kujua lipi ndilo. Nilimpenda kwa hilo.

Njiani mama akasema, "Misri ni mbali." Akamwomba mwenyekiti amsogezee zamu yake mbele, mpaka atakapouelewa mstari vizuri.

Hazikupita wiki nyingi, mume wa mama mdogo akafariki. Aliugua kifua kwa muda mfupi tu. Mama hakwenda msibani. Alituma kitenge na unga kwa mkono wangu. Mama mdogo akaingia eda, na mwanamke wa Kiislamu akiwa edani hatoki nje ya nyumba, hajipambi, hapigi hodi kwa mtu. Hakuwa na mtoto. Ndugu za marehemu walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na walikuja wakasema neno la kiungwana: eda ikiisha, mmoja wao, shemeji yake, atakuja na chombo cha baharini kumchukua, wakaishi naye huko, asibaki peke yake kama mtu asiye na watu.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukosa raha. Kwenda ng'ambo kwa watu wetu haikuwa jambo la ajabu, lakini mama mdogo hakuwa kijana tena, na nilijua kwamba akivuka akiwa amenuniana na dada yake, hatarudi. Angezikwa kule, na mama angefika amechelewa kwa mara ya pili. Nilitaka abaki. Nilimpenda kama nilivyompenda mama, na siku nyingine zaidi.

Mjomba, kaka yao, naye alitaka abaki. Bibi alikuwa ameacha kiwanja kidogo Magomeni, mtaa wa tatu kutoka kwetu, na mjomba akasimamisha hapo kibanda cha miti na udongo, akakiezeka bati, akampelekea mama mdogo ufunguo. "Ukitaka, ni pako," alimwambia. Nyumba ikakaa imefungwa. Mama mdogo hakusema ndiyo wala hapana.

Mama alipopata habari za eda akaanza kupika. Akanikabidhi bakuli na sahani vimefungwa kitambaa. "Mpelekee. Ana njaa huyo."

Nikafurahi sana. Nilidhani yamekwisha. Kisha akaongeza, taratibu, huku akiinama kuchochea moto, "Tukione hicho kichwa chake."

Nilikasirika mpaka nikataka kuyamwaga njiani. Mitaa ile yote niliipita nikijisemea peke yangu, watu wananipisha. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka, khanga zimefifia, hana hata wanja. Alipofungua kitambaa na kuona kisamvu kile cha nazi, ambacho mkono wa mtu mmoja tu duniani unakipika hivyo, akakinusa kwanza. Akakata tonge, akatafuna. Nikajua kwa jinsi alivyomeza kwamba chumvi ilikuwa ya kupindukia. Akala chote, akaifuta sahani kwa kidole, akaomba maji.

"Mwambie dada ahsante," akasema.

Basi ikawa hivyo kila siku. Sikumwambia kitu kuhusu makaa, kwa sababu ningeanzia wapi? Nilibeba chakula, nikarudisha vyombo, na vyombo havikurudi vitupu, kwa maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama mdogo alitia limao, au ukili aliousuka, au mbegu za bamia zilizofungwa kwenye kitambaa. Mama alivipokea na kuviweka kando. Lakini zile mbegu alizipanda.

Nami nilianza kuona kitu nyumbani. Mchuzi ulikuwa unapungua ukali. Mwanzoni kidogo, halafu wazi kabisa. Siku moja nilikula wali na mchuzi wa samaki changu pale jikoni kwa mama nikasahau kugombana naye, mpaka akaniuliza kama naumwa. Kumbe hata kule nilikopeleka chakula kuna mtu alikuwa anaonja na kupima. Eda ikiwa inaelekea ukingoni, mama mdogo alikula, akaacha kula, akafumba macho. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo cheusi. Ndani yake, chini kulikuwa na mchanga, na juu ya mchanga jivu laini.

"Mpelekee dada," akasema. "Usimwambie kitu. Atajua."

Mimi ni mtoto wa mjini. Nilifikiri ni dawa. Nikakibeba mpaka nyumbani, nikamkabidhi mama, na mama akatazama ndani. Akatoka nje nacho, akamwaga jivu na mchanga nyuma ya choo, akakifunika chungu chini ya ukuta. Akaketi kwenye kibao chake, mikono mapajani.

"Amesema anaondoka," akaniambia.

"Hajasema hivyo."

"Hajasema kwa mdomo. Wewe hujui." Ndipo akanieleza. Kwa watu wa upande wa mama yangu, moto wa nyumba ukifa, kwa kifo au kwa talaka, mwenye nyumba akiamua kwenda zake anatuma chungu cha jivu kwa ndugu yake. Maana yake, kwangu hakuna moto tena, msinitafute. Akaniambia na kinyume chake. Nyumba mpya haiwashwi kwa kibiriti. Moto wa kwanza unatoka jikoni kwa mama, na kama mama hayupo, kwa dada mkubwa. Anayeuhitaji anaufuata mwenyewe na chungu chake, chenye mchanga na jivu la kulazia makaa. Anasimama mlangoni, hana haja ya kueleza. Moto haufuatwi kwa kutuma mtu.

Jioni ile na siku zilizofuata, chumvi ilirudi. Haikurudi kama zamani. Zamani ilikuwa chumvi ya hasira; sasa alikuwa anatia, anasahau, anatia tena, huku macho yake yako kwingine. Nilikuwa napeleka chakula ambacho hata paka asingekigusa. Mama mdogo alikula chote, na kila siku alikuwa mkimya zaidi.

Siku moja kabla ya eda kwisha nilimkuta anafunga mkeka kwa kamba. Sanduku lake lilikuwa mlangoni. Shemeji yake alikuwa ameshafika, amefikia kwa watu Shangani, huko ufukweni, anasubiri maji yajae kesho yake.

"Kwa hiyo unakwenda," nikasema.

"Nifanyeje? Dada amekataa."

"Amekataa nini?"

"Nilimwomba moto, mwanangu. Nimekaa eda, sina miguu ya kutoka, nikasema mwenye akili ataelewa. Nikamtumia chungu. Alichonijibu si umekibeba mwenyewe kila siku? Mimi dada yangu namjua kwa chumvi tangu nikiwa mtoto. Miezi yote hii nilikuwa namsikia anapoa. Nikasema sasa, sasa nimwombe. Naye akanijibu kwa chumvi."

Jamani. Sijui kama mtu mwingine amewahi kubeba ugomvi wa watu wawili kwenye bakuli, mitaa ile ile, bila kujua anachokibeba. Hasira zilinipanda hata nikashindwa kukaa. Nilimwambia mama mdogo kwamba yeye na dada yake wote wawili hawana akili, na kwamba Mungu amewapa midomo na hawana kazi nayo. Ni maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, nami niliyasema, na nikitafakari leo sioni ningesema nini kingine. Kisha nikaondoka kabla hajanijibu.

Mama nilimkuta anachambua choroko. "Hakukuaga," nikamwambia nikiwa bado mlangoni. "Alikuwa anaomba moto. Yuko edani, angekujaje mwenyewe?"

Mikono yake ikasimama.

"Anaomba?" akauliza.

"Anaomba. Na wewe umekuwa ukimjibu kwa chumvi."

"Chumvi gani?" akasema mama yangu, na alikuwa anauliza kweli.

Nikamweleza. Sijawahi kumwona mama amefedheheka namna ile. Akachukua chungu pale chini ya ukuta, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, akanipa. "Mpelekee chombo chake. Moto nitampa. Lakini aje mwenyewe, sitaki mtu wa kati. Wewe umetosha."

Kesho yake asubuhi wanawake wa mtaa walimwogesha mama mdogo, wakamtoa eda, wakamvisha khanga mpya. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyokatika. Mimi sikwenda kazini. Nilikaa jikoni kwa mama, ambaye alikuwa amewasha moto mkubwa tangu alfajiri bila kuinjika chochote. Nilihesabu kichwani maji yanajaa saa ngapi. Asipotokea, chombo kitakuwa kimeshaondoka naye.

Alitokea amelowa, na chungu kifuani, mchanga na jivu vimo ndani. Hakubisha hodi. Alisimama kwenye mlango wa jiko, kama desturi inavyotaka. Mama alikuwa amempa mgongo.

"Umenyeshewa," mama akasema bila kugeuka.

"Kidogo, dada."

Mama akachukua koleo. Alichagua makaa moja moja. Yale yenye maganda ya korosho aliyasukuma pembeni, kwa sababu yanarusha mafuta na kubabua ngozi. Akachukua ya mti mgumu, mekundu mpaka ndani, akayapanga juu ya jivu. Akavua kitambaa cha kichwani mwake mwenyewe, akakisokota ngata. Akaiweka juu ya kichwa cha mdogo wake, akaibonyeza ikae sawa. Kisha akainua chungu kwa mikono miwili na kumtwika.

Na mimi, niliyekuwa nimesoma tafsiri zote zile, nilikuwa nimesimama hapo mdomo wazi. Makaa ya moto, hai, juu ya kichwa cha mtu aliyelishwa.

"Nenda polepole," mama akamwambia. "Shingo yako usiikaze."

Mvua ilikuwa ingali inanyesha. Mama akachukua mwavuli wa marehemu baba, akatoka naye, akaushika juu ya kile chungu mitaa yote mitatu, mkono umenyooshwa, yeye mwenyewe analowa kuanzia kichwani pasipo na kitambaa. Watu walitoka vibarazani kutazama. Nilifuata nyuma na kuni. Mara moja mama mdogo aliteleza, na mama akaweka kiganja chake mgongoni kwake, akakiacha hapohapo mpaka tulipofika.

Alhamisi iliyofuata mama alisimama mbele ya wenzake kuufafanua mstari wake, baada ya kuahirisha miezi yote ile. Nilikwenda kusikiliza. Alisema, "Mimi naona aliyeyaandika maneno haya alikuwa na ndugu." Akakaa. Mwenyekiti alisubiri aendelee, akaona hakuna zaidi, akaita mwingine. Mwinjilisti aliandika kitu kwenye karatasi yake. Tangu hapo nimeona tafsiri nyingine kadhaa, na kila nikiipata mpya nafungua kwanza hapo, nione wameyafanya nini makaa yale. Wengine wanaweka aibu, wengine wanayaacha wazi. Napendelea wanaoyaacha.

Lakini siku ile ya mvua, tulipofika, mjomba alikuwa ameshafungua nyumba. Mama na mama mdogo wakapiga magoti mbele ya mafiga matatu na kupuliza kwa zamu mpaka kuni zikashika. Mama hakuinuka. Alibaki kwenye sakafu ile ya udongo, nywele zinachuruzika.

"Sikukukasirikia kwa sababu ya kuzika," akasema. "Nilikasirika kwa kuwa wewe ulimwona na mimi sikumwona."

"Najua, dada."

"Nisimulie."

Mama mdogo akainjika sufuria huku akisimulia. Alisema bibi hakuteseka. Alisema usiku ule aliuliza kama mvua imekatika, na asubuhi akauliza mama yangu yuko wapi. "Nikamwambia yuko njiani, anakuja. Akasema haya, basi nimngoje. Nilifikiri nimemdanganya, dada. Nimeibeba hiyo miaka yote."

"Hukumdanganya," mama akasema. "Nilikuwa njiani." Kisha akalia, kwa sauti, kama mtu aliyepata msiba siku hiyohiyo.

Shemeji alikuja akiwa na haraka ya maji, akaona moshi unatoka kwenye bati jipya, akaelewa. Alikunywa chai, akaacha salamu, akaenda zake peke yake.

Mama mdogo alipika ugali wa muhogo na samaki aliyeletwa na mjomba. Ndani ya nyumba ile mpya kulikuwa na sufuria, mwiko na unga, lakini vitu vingine vyote vilikuwa bado vimefungwa kwenye sanduku kule alikotoka, na hakuna aliyekumbuka. Akampakulia mama kwanza. Mama alikuwa hajala chakula cha mkono wa mdogo wake tangu bibi alipozikwa. Akanawa, akakata tonge, akachovya, akatafuna. Nilimwona anasita. Mama mdogo naye alimwona.

"Dada, chumvi. Nimesahau, haipo. Ngoja huyu akaombe kwa jirani."

"Kaeni chini," mama akatuambia sote wawili.

Akala chote, akaifuta sahani kwa kidole, akaomba maji.